Kufuli Linalomjua Mwenyewe: Historia Fupi ya Bastola Inayokataa Mgeni

Leo naziacha seva na hifadhidata zipumzike kidogo, nizungumzie kufuli. Ila si kufuli la mlango.

Miaka kadhaa iliyopita niliandika programu ya mahudhurio kwa kampuni moja ya ujenzi. Mfanyakazi akifika asubuhi anaweka kidole kwenye kimashine, jina lake linatokea, saa inaandikwa. Pale ofisini ilifanya kazi vizuri ajabu. Tukaipeleka kwa mafundi wa mawe, na hapo ndipo nilipofunzwa adabu. Mtu ameshika simenti na mawe miaka ishirini, vidole vyake vimesagika hata mistari haisomeki. Mzee mmoja aliweka kidole mara tisa, foleni nyuma yake inanung'unika, mashine inakataa tu. Akanigeukia akasema, "Kijana, mimi ndiye mimi. Hii yako ndiyo haijui."

Sikuwa na jibu. Nikapunguza ukali wa mashine ili isiwakatae wazee. Kabla mwezi haujaisha ikaanza kumwandikia mtu mahudhurio ya mwenzake. Nikiikaza, inamkataa mwenyewe. Nikiilegeza, inamkubali mgeni. Mwishowe msimamizi alirudi kwenye daftari na kalamu.

Kosa la mashine yangu lilikuwa mshahara wa siku moja, na mshahara hurekebishwa. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma habari za watu waliojaribu kutatua tatizo lile lile kwenye kitu ambacho kosa lake halirekebishwi. Kitu hicho ni bastola.

Fikiria kidogo. Simu yako ina neno la siri. Kadi yako ya benki ina namba ya siri. Bastola haina chochote cha namna hiyo. Ikishikwa na askari itafyatuka, ikishikwa na mwizi aliyempokonya askari itafyatuka, ikishikwa na mtoto wa miaka minne aliyeikuta chini ya mto wa baba yake itafyatuka vile vile. Leseni iko kwenye karatasi, karatasi iko kwenye kabati, na chuma hakisomi karatasi. Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Walikuwa wanazungumza juu ya wembe, kitu ambacho mtoto anajikata kidole na kujifunza. Bastola haitoi nafasi ya somo la pili.

Basi tuanze mwanzo.

1887: mkono mdogo hauwezi

Kampuni ya Marekani ya Smith & Wesson ilianza kuuza mwaka 1887 bastola iliyoitwa Safety Hammerless. Nyuma ya mpini wake palikuwa na kibao cha chuma. Usipokibana kwa kiganja huku ukivuta kifyatulio kwa kidole, risasi haitoki. Kifyatulio chenyewe kilikuwa kigumu. Mkono wa mtu mzima unafanya yote mawili bila kufikiri, lakini kiganja cha mtoto mdogo hakina nguvu wala ukubwa wa kutosha. Kampuni iliitangaza kama bastola ambayo mtoto mdogo hawezi kuifyatua. Watu wakaipa jina la utani, kikamulio cha ndimu, kwa jinsi unavyoikamua. Ziliuzwa takriban nusu milioni katika miaka iliyofuata.

Mimi nikiitazama bastola hiyo kwa jicho la mwandishi wa programu, naona kazi safi sana. Haina betri. Haina kitu cha kukumbuka. Mtumiaji hafanyi hatua yoyote ya ziada, kwa sababu kuishika tu ndiko kuifungua. Lakini ina mpaka wake. Haimjui mtu, inajua ukubwa wa mkono. Mwizi ana mkono mkubwa kama wa mwenye mali.

Katikati ya miaka ya 1970 fundi Mmarekani aliyeitwa Joe Davis akasogeza wazo hilo mbele. Alitengeneza kifaa kiitwacho Magna-Trigger, kinachowekwa ndani ya bastola. Mwenye bastola anavaa pete yenye sumaku. Mkono wenye pete ukishika mpini, sumaku inasogeza kizuizi ndani na bastola inakubali. Mkono usio na pete unapata kipande cha chuma tu. Hapa tumetoka kwenye "mkono wako ni mkubwa kiasi gani" na kufika kwenye "una ufunguo?" Wenzangu wa usalama wa kompyuta wataitambua hatua hiyo mara moja. Tatizo nalo mtalitambua: atakayevaa pete yoyote yenye sumaku ya namna ile, bastola itamtii.

1962: kufuli kwenye bomu

Sasa tuiache bastola kwa muda, twende kwenye silaha kubwa kuliko zote, kwa sababu huko ndiko wahandisi walipolifikiria swali hili kwa kina zaidi. Nitarudi kwa bastola, na mtaona kwamba njia hizi mbili zinakutana mlango mmoja.

Mwishoni mwa mwaka 1960 kamati ya Bunge la Marekani ilizunguka kambi za NATO huko Ulaya. Pamoja nao alikuwapo mwanasayansi Harold Agnew wa maabara ya Los Alamos. Walichokiona kiliwatia baridi. Katika uwanja mmoja palikuwa na ndege za nchi mshirika, marubani wake si Wamarekani, na chini ya mabawa zimefungwa bomu za nyuklia za Marekani. Kisheria bomu zile zilikuwa chini ya ulinzi wa Marekani. Kwa uhalisia, ulinzi ule ulikuwa kijana mmoja wa Kimarekani amesimama na bunduki mkononi.

Wakageukia wahandisi wa maabara ya Sandia: je, bomu lenyewe linaweza kuwekewa kufuli? Ndipo kikazaliwa kifaa kilichoitwa kwa kifupi PAL. Tarehe 6 Juni 1962 Rais Kennedy alitia saini amri, namba 160, ya kuweka vifaa hivyo kwenye silaha za nyuklia zilizokuwa Ulaya. Vya mwanzo vilikuwa makufuli ya namba chache tu. Vilivyofuata vilikuwa vya kielektroniki, vyenye tarakimu nyingi zaidi, na ukikosea mara kadhaa silaha inajizima isitumike tena. Ndiyo, ile tabia ya kadi ya benki kumezwa na mashine baada ya makosa matatu ina ndugu yake mkubwa ndani ya bomu.

Wahandisi hawa walikuwa na maneno mawili ya kueleza kazi yao: daima na kamwe. Daima silaha ifanye kazi inapoagizwa na mwenye haki. Kamwe isifanye kazi kwa mtu mwingine yeyote, wala kwa ajali. Kila unachoongeza upande wa kamwe kinatishia upande wa daima. Ndicho kile kimashine changu cha vidole, ila hapa dau ni mji mzima.

Wanajeshi wengi hawakufurahia. Waliogopa siku ya vita kufuli ligome. Mwaka 2004 Bruce Blair, aliyekuwa ofisa wa kurusha makombora ya Minuteman katika miaka ya 1970, aliandika kwamba katika siku zake namba ya kufungulia makombora hayo ilikuwa imewekwa sufuri nane, ili lisiwepo la kumchelewesha mtu. Jeshi la Anga la Marekani limekana kwamba sufuri nane ziliwahi kutumika kurushia kombora. Sitaamua kesi hiyo hapa. Nitasema tu kwamba kila aliyewahi kufanya kazi ya kompyuta ofisini amekuta neno la siri limeandikwa kwenye karatasi na kubandikwa kwenye skrini, na sababu ilikuwa hiyo hiyo: mtu aliogopa kufungiwa nje kuliko alivyoogopa mgeni kuingia.

1996: maabara ile ile, bastola ya askari

Hapo ndipo njia zinapokutana. Katika miaka ya 1990 Wizara ya Sheria ya Marekani iliwaomba watu wa Sandia, wale wale wa kufuli la bomu, waangalie bastola ya polisi. Kilichowasumbua ni askari waliokuwa wakipokonywa silaha zao kwenye purukushani na kuuawa nazo. Ripoti ilitoka 1996. Walipima teknolojia nyingi na kuzipa alama kama za shuleni, na hakuna hata moja iliyopata A. Iliyoongoza ilikuwa mawimbi ya redio, yaani askari avae kitu chenye chipu na bastola ikitafute. Alama za vidole zilikuwa na matatizo niliyokuja kuyaonja mimi mwenyewe: jasho, uchafu, glavu, vidole vilivyoumia.

Kilichonigusa zaidi ni kwamba walianza kwa kuwauliza askari wenyewe wanataka nini. Jibu lao lilikuwa moja: iwe ya kuaminika kama ile niliyo nayo sasa. Askari hataki kusikia kwamba bastola yake itafanya kazi mara nyingi. Anataka itoke leo, saa hii, mkono ukiwa na damu.

Colt walitengeneza mfano wa majaribio uliotumia kifaa cha redio cha kuvaa mkononi. Haukuwahi kufika dukani.

2000 hadi 2002: siasa inaingia

Mnamo Machi 2000 Smith & Wesson, kampuni ile ya kikamulio cha ndimu, ilitia saini makubaliano na serikali ya Rais Clinton. Waliahidi kuuza bastola zikiwa na makufuli, kutenga asilimia 2 ya mapato kwa ajili ya teknolojia ya kumtambua mwenye silaha, na kuiweka kwenye bastola mpya watakazobuni baada ya miaka mitatu. Wateja wao wakaona wamesalitiwa. Wakaisusia. Mauzo yakaporomoka. Kampuni ya Kiingereza ya Tomkins, iliyokuwa imeinunua kwa zaidi ya dola milioni 110 mwaka 1987, iliiuza Mei 2001 kwa dola milioni 15, pamoja na mnunuzi kubeba madeni. Mnunuzi alikuwa nani? Saf-T-Hammer, kampuni ndogo iliyokuwa ikitengeneza makufuli ya bunduki! Kampuni nyingine zilikuwa zinatazama, na somo walilielewa.

Kisha ikaja sheria ambayo kwangu mimi ndiyo kitovu cha hadithi hii. Desemba 2002 gavana wa jimbo la New Jersey, James McGreevey, alitia saini sheria iliyosema hivi: siku bastola inayomtambua mwenyewe itakapoanza kuuzwa popote nchini Marekani, takriban miaka mitatu baadaye maduka ya New Jersey hayataruhusiwa kuuza bastola za raia za aina nyingine. Nia ilikuwa nzuri, kuwahimiza watengenezaji. Chuo cha teknolojia cha jimbo hilo, NJIT, kilikuwa tayari kinafanyia kazi bastola yenye vihisio kwenye mpini, inayojifunza jinsi mwenyewe anavyobana mkono anapovuta kifyatulio.

Lakini isome tena sheria hiyo polepole. Mtu wa California akiuza bastola moja ya namna hii, saa inaanza kuhesabu New Jersey. Kila asiyetaka kulazimishwa alipata sababu ya kuhakikisha hata moja haiuzwi, mahali popote. Sheria iliyotaka kukileta kifaa ikageuka kuwa sababu ya kukizuia.

2014: saa mkononi

Kwa zaidi ya miaka kumi hakuna aliyefika dukani. Katikati hapo, tarehe 14 Desemba 2012, kijana wa miaka 20 aliingia shule ya Sandy Hook, Connecticut, akaua watoto 20 na watu wazima 6. Kabla ya hapo alikuwa amemuua mama yake nyumbani. Bunduki zote zilikuwa za mama, zimenunuliwa kihalali. Maneno "silaha halali" na "mtu asiyeruhusiwa" yanaweza kukaa kwenye nyumba moja, vyumba viwili vinavyotazamana.

Mwanzoni mwa 2014 kampuni ya Kijerumani ya Armatix ikajaribu kuingia Marekani na bastola yake iP1. Mbunifu wake, Ernst Mauch, alikuwa ametoka Heckler & Koch, mtu anayeijua kazi. Unavaa saa ya mkononi, unaingiza namba ya siri, saa inazungumza na bastola kwa redio. Bastola ikiwa mbali na saa, haifyatuki. Bei ilikuwa karibu dola 1,800 kwa vyote viwili, na ilitumia risasi ndogo ambazo wanaotaka kujilinda hawazipendi. Hayo yangeweza kuvumilika. Kilichofuata hakikuwa cha bei. Duka moja California lilihusishwa nayo, ghasia zikazuka, likakana. Mwenye duka mmoja wa mji wa Rockville, Maryland, akatangaza mwezi Mei kwamba ataiuza. Katika muda wa siku moja alikuwa ametishiwa kuuawa, akaghairi.

Seneta wa jimbo aliyeipigania sheria ya New Jersey, Loretta Weinberg, alisema yuko tayari kuiondoa iwapo chama cha wenye bunduki, NRA, kitaacha kusimama njiani. Na mwishoni mwa mwaka ofisi ya mwanasheria mkuu wa New Jersey ikaamua kwamba iP1 haitimizi masharti ya sheria hata kidogo. Sababu yao ilikuwa ya kiufundi, na walikuwa na haki: saa ikiwa ndani ya inchi 10, mtu yeyote aliyeshika bastola anaweza kuifyatua. Askari anayegombania bastola na mwizi, saa yake iko wapi? Ndani ya inchi 10.

Mwaka 2017 mdukuzi anayejiita Plore aliichukua iP1 hadi mkutano wa DEF CON huko Las Vegas. Kwa vifaa vya bei nafuu alirefusha mawasiliano ya saa na bastola, yakavuka zile inchi 10 hadi futi kadhaa. Kisha akatengeneza kifaa cha kuyavuruga mawimbi, na mwenye bastola akakataliwa na bastola yake. Cha tatu ndicho kilichowachekesha watu. Ndani ya bastola, kizuizi cha mwisho kilikuwa kipande cha chuma kinachosogezwa kwa sumaku ya umeme. Plore akabandika sumaku za dola 15 ubavuni. Bastola ikafyatuka. Saa, redio, namba ya siri, vyote vilikuwa vinalinda mlango ambao dirisha lake liko wazi. Na mtakumbuka kwamba tulishaona sumaku ikifungua bastola, kwenye pete ya Joe Davis miaka 40 nyuma!

Julai 2019 New Jersey ikaibadilisha sheria yake. Sasa duka linatakiwa kuwa na angalau bastola moja ya namna hiyo zitakapoidhinishwa, na nyingine ziendelee kuuzwa. Aprili 2023 kampuni ya Biofire ya Colorado ikatangaza bastola inayotambua kidole na uso, chochote kitakachotangulia, kwa dola 1,499. Mwanzilishi wake, Kai Kloepfer, alianza na mradi wa maonyesho ya sayansi akiwa kijana wa shule, baada ya mauaji ya ukumbi wa sinema wa Aurora mwaka 2012. Vihisio viwili badala ya kimoja: yule mzee wangu wa mawe angeingia kwa uso.

Na huku kwetu?

Afrika Mashariki hatukwenda njia ya chipu. Hofu yetu kubwa imekuwa silaha kutoka kwenye ghala la serikali na kuishia vichakani. Tarehe 21 Aprili 2004 nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilitia saini Itifaki ya Nairobi, inayozitaka zichonge alama ya kipekee kwenye silaha za serikali na kuziandika kwenye rejista. Kituo cha kusimamia kazi hiyo, RECSA, kiko Nairobi. Kwa lugha yetu ya kompyuta, Wamarekani walijaribu kuweka neno la siri, sisi tukaweka kumbukumbu za nani alichukua nini. Namba iliyochongwa haizuii risasi. Lakini bunduki ikiokotwa Turkana, inajibu swali ambalo mtu angependa lisiulizwe: ilitoka ghala gani, na nani aliisaini?

Ninachokiona mimi

Nilipoanza kusoma nilidhani hii ni hadithi ya teknolojia isiyotosha. Sasa naiona tofauti. Kila kufuli lina makosa mawili, kumkataa mwenyewe na kumkubali mgeni. Swali ni nani analipa kila kosa. Bastola ikimkataa mwenyewe, anayelipa ni aliyeinunua, naye yuko dukani, ana pesa mkononi, ana kura. Bastola ikimkubali mgeni, anayelipa mara nyingi ni mtoto wa miaka minne. Huyo hakuwapo dukani. Kwa bomu alikuwapo rais wa kusema "weka" na likawekwa. Kwenye kaunta ya duka la silaha hakuna rais.

Kikamulio cha ndimu kilipokelewa kwa sababu hakikumwomba mnunuzi alipe chochote. Na ndiyo maana kinachofanya kazi hadi leo ni kile kisichosisimua. Utafiti uliochapishwa 2005 katika jarida la kitabibu la JAMA ulikuta kwamba katika nyumba zinazofungia bunduki kwa kufuli, bila risasi ndani, risasi zikiwekwa kando na kufungiwa pia, hatari kwa watoto na vijana ilikuwa ndogo zaidi. Sanduku la chuma na ufunguo. Halina programu hata mstari mmoja.

Mimi niliyejifunza kwa mzee wa mawe, siku hizi nikiandika programu yoyote ya kumtambua mtu nauliza mapema: ikikosea, nani atasimama kwenye foleni, na nani hataweza hata kulalamika? Huyo wa pili ndiye ninayejaribu kumwandikia.

Na wewe je, ungeiamini bastola yenye betri? Tusemezane hapo chini. Hadi wakati mwingine, kwaherini.